Mzee Kitasa na Mlango wa Daktari

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kitasa, alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma hadi darasa la saba. Siku mwalimu mkuu alipojifungia nje ya ofisi yake, Baba aliufungua mlango kwa kipande cha waya. Alichapwa kwanza, shukrani zikafuata.

Mwaka 1964 alianza kujifunza kazi ya vitasa, na mwaka 1971 akafungua karakana yake, chumba cha dirisha moja kilichotazamana na posta. Aliifunga mwaka 2012. Sheria yake ilikuwa moja, nasi wanawe tuliimeza na uji: “Fundi akisema uongo mara moja, hakabidhiwi tena ufunguo wa mtu.”

Alimwoa mama yetu tarehe 12 Desemba 1974. Mama alikuwa mwalimu aliyepoteza ufunguo wa nyumba. Baba alifungua mlango kwa dakika mbili, kisha akanywa chai kwa saa tatu. Walijaliwa watoto watatu. Mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba.

Mwaka 2017 Baba alianza kusema kwamba kuna mtu anamhamishia vitu. Kwa mwezi mmoja alibadilisha kitasa cha mlango wa mbele mara nne, na funguo akazificha asikumbuke wapi. Tarehe 9 Juni 2018, saa nne asubuhi, alimfungia Mama jikoni, sufuria ikiwa motoni, akaenda kutafuta karakana ambayo haikuwepo tena. Majirani walivunja dirisha wakamtoa Mama akikohoa moshi. Baba aliporudi aliuliza swali moja tu: “Nani kaharibu dirisha langu?”

“Baba, unaumwa,” nikamwambia.

“Mgonjwa ni wewe unayebishana na baba yako.”

Mara tatu tulipanga kwenda kwa daktari, mara tatu akakataa. Mara ya tatu alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Kaka alitaka tumbebe kwa nguvu, Mama akasema basi tuanze kwa kumbeba yeye Mama. Nyumba ile ilikuwa haikaliki. Niliogopa kila simu iliyolia, nikijua siku moja majirani watachelewa.

Basi nikasema uongo. Nilipatana na daktari, kisha nikamwambia Baba kwamba kitasa cha mlango wa daktari kimegoma na mafundi wote wameshindwa. Alinyanyuka kabla sijamaliza, akachukua sanduku lake la vifaa.

Kule kwa daktari alikifungua kitasa, akapanga skrubu juu ya leso, huku daktari akimuuliza polepole mwaka, siku, na majina ya wajukuu. Mwaka alikosea, na majina akayaruka. Kisha akazitazama zile skrubu muda mrefu, mikono imetulia.

“Hiki kimekufa,” akasema hatimaye. “Kinatakiwa kipya.” Akamgeukia daktari. “Na huyu binti yangu siku hizi anasahau sana. Hebu mpime.”

Daktari alicheka. Mimi nilikuwa natetemeka.

Kuanzia hapo alipata dawa, na hatukumwambia tena kwamba anaumwa. Tuliondoa vitasa vya ndani, tukampa kreti ya kufuli kuukuu azifungue. Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 4 Februari 2023, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nyumbani, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka sabini na saba.

Ameacha mke, watoto watatu na wajukuu saba.

Juzi nilimsomea Mama wasifu huu. Tulipofika kwenye mlango wa daktari akanishika mkono. “Alijua,” akasema. “Jioni ile ile aliniambia, ‘Kile kitasa kilikuwa kizima. Mtoto alikuwa anatetemeka, nikaona nimsindikize.’”

Asubuhi iliyofuata ile siku ya daktari, Baba alinikabidhi funguo zake zote, mimi niliyesema uongo. Kwa karibu miaka mitano nimeamini kwamba alikuwa amesahau kuwa ni zake.

Pumzika kwa amani, Baba. Funguo ninazo.