Atakayefika Getini

Pikapu ilipotoka Simbo, nesi Elinipa hakuwa na nguvu hata ya kujipepea. Bibi aliyeketi kando yake, ambaye alikuwa amepanda mwenyewe bila kushikwa na mtu, aliitikia shikamoo yake, akamuuliza mbona amechoka hivyo na jua bado changa.

"Ni wazee wetu, bibi," alisema Elinipa. Makao ya wagonjwa alikofanya kazi pale Ujiji yalikuwa yamejaa wazee waliokimbia vita vya Burundi, walioletwa kutoka kambi ya wakimbizi. Kila asubuhi aliwasihi wanyooshe viungo, watembee japo kidogo, nao walikaa tu kama magunia. "Mpaka nimewaambia, atakayefika getini bila fimbo nitamtangaza kuwa amepona."

Bibi alicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kulia. "Ndiyo maana hawainuki, mwanangu. Aliyepona anarudishwa kambini, akagombanie maji na vijana. Kwenu kuna kitanda na uji. Ungekuwa wewe, ungetembea?"

"Miguu isipotumika inakufa, bibi."

"Ego, ndiyo, inakufa. Lakini inafia kitandani."

Ubishi wa watu wawili wanaosema kweli hauna mwamuzi.

Pikapu ilisimama mbele ya geti la makao. Bibi akachukua furushi lake, akaukunja mgongo uliokuwa umenyooka njia nzima, kisha akamnyooshea Elinipa mkono.

"Nishike, mwanangu, unishushe polepole. Leo ndiyo wananipokea."