Mama Gundi, Ijumaa Uje Bila Bakuli

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha kujalidi vitabu, fundi wetu mkuu atavua aproni yake, ataitundika kwenye msumari wake ule ule nyuma ya mlango, kisha atakwenda nyumbani kupumzika. Jina lake rasmi limechapwa kwenye ratiba ya sherehe, na wageni walisome vizuri, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayelitumia. Sisi tunamwita Mama Gundi. Ukimwita jina jingine hageuki.

Msimamizi amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, anasema, mimi ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote kiwandani. Hakukosea. Nimeolewa mwezi uliopita, na mume wangu (neno hilo bado linanichekesha peke yangu nikiwa na sindano mkononi) yuko chumba cha pili, kwenye mashine ya kukata karatasi. Mtanisamehe akijitokeza humu mara mbili tatu. Bila sufuria ya Mama Gundi nisingempata.

Mama Gundi aliingia kiwandani akiwa msichana wa kukunja karatasi. Akahamia kwenye sindano na uzi, na hatimaye akakabidhiwa kazi ambayo wengi waliikimbia kwa joto lake, yaani kupika gundi. Vitabu vya kawaida hubandikwa na mashine, lakini rejista za shule, vitabu vya maktaba na vile vizee vinavyoletwa vimefungwa kamba kama kuni, hivyo ni vya mkono. Aliwahi kuletewa kamusi iliyotafunwa na mbuzi kuanzia A mpaka katikati ya D. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliigeuza, akainusa, akauliza kama hajapewa ya mtu mwingine. Mama Gundi akamwambia ni yake, ila mbuzi asiwekwe tena karibu na E.

Sasa niseme jinsi alivyokaribia kutuacha mapema.

Miaka hiyo gundi ilikuwa ya unga wa ngano. Gunia lilikaa pembeni mwa jiko, na kila asubuhi Mama Gundi alikoroga unga na maji mpaka ukawa mzito na kung'aa. Waliomfundisha walimwachia desturi moja ya ufundi huu: gundi huonjwa. Unachovya kidole, unagusisha ncha ya ulimi, na kama imeanza kuchacha unaimwaga. Tena wajalidi wote tuna ugonjwa wa kulamba kidole gumba ili kufunua kurasa, na kidole gumba chetu hakikosi gundi. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ni jambo.

Nilipoajiriwa nilimkuta amekonda, aproni inamzunguka mara mbili. Tumbo lilimsokota, damu ilikuwa pungufu, na mchana alikaa ameshika tama huku uso umempauka. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Huyu alisema ni vidonda vya tumbo, yule alisema ni mawazo, na Profesa, fundi wetu wa mashine ya kushona, ambaye hana shahada yoyote ila ana jibu la kila kitu, alisema ni kukosa mkate wa kutosha. Basi tukawa tunamlisha mkate. Kwa mapenzi kabisa.

Daktari ndiye aliyetegua kitendawili. Alipima damu, akaagiza kipimo cha utumbo, akampa jina ambalo sisi sote tulilitamka vibaya kwa wiki nzima: ugonjwa wa seliaki. Mwili wake haupatani na gluteni, ile protini inayonata iliyomo kwenye ngano na shayiri. Kila ikiingia, hata chembe, utumbo wake unajiumiza wenyewe. Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha, kuacha kabisa, kwa maisha yote.

Mama Gundi akaacha. Mkate, keki, biskuti, tambi, vyote akaviaga. Alipokuwa likizo alipata nafuu mpaka mashavu yakarudi. Aliporejea kazini, tumbo nalo likarejea. Akaenda likizo tena, akapona, akarudi, akaugua. Mumewe alianza kuamini kwamba mke wake ana mzio na msimamizi.

Daktari akamwomba asimulie siku yake ya kazi tangu anapoingia getini. Akasimulia: ninasaini, ninavaa aproni, ninawasha jiko, ninapika gundi, ninaonja. Hapo daktari aliweka kalamu mezani.

"Unaonja nini, mama?"

"Gundi."

"Ya nini?"

"Ya ngano," alijibu, na anasema alilisikia jibu lake mwenyewe kama linasemwa na mtu aliyeko dirishani. Alikuwa ameacha mikate yote ya dunia, halafu kila asubuhi anakuja kazini kulamba sufuria. Alicheka pale kwenye kiti mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Kicheko kiliisha aliporudi kiwandani. Kuacha kuonja lilikuwa jambo jepesi. Lakini unga ulikuwa hewani, kwenye brashi, kwenye meza, kwenye vidole vyetu sote. Gundi ya dukani ilishajaribiwa zamani, ikikauka inakuwa ngumu na mgongo wa kitabu unakatika kama kijiti. Msimamizi, ambaye ana moyo mzuri na uso mbaya wa kuutangazia, alisema hana njia nyingine ila kumhamishia stoo akahesabu makatoni. Mama Gundi hakubisha. Aliomba wiki moja tu. Kisha akatuambia sisi, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea, kwamba akipelekwa stoo ataacha kazi, kwa sababu yeye na makatoni hawana cha kuongea.

Wiki hiyo siisahau. Tulimwaga unga sisi ili yeye asimwage wake. Gunia likatoka, meza zikasuguliwa, brashi za zamani zikatupwa. Kila mmoja akaja na wanga wake kutoka nyumbani, na chumba kikawa jiko la harusi isiyo na mpishi. Gundi ya viazi ilibandika kwa heshima mpaka saa sita, kisha majalada yakaanza kuteleza moja moja kama watoto wanaotoroka darasani. Gundi ya muhogo ilivutika nyuzi nyuzi. Profesa akaegemea rejista iliyopakwa gundi hiyo akitoa hotuba ya kuisifu, na alipoinuka, rejista nayo ikainuka, imeng'ang'ania mkono wa shati lake. Alizunguka nayo mpaka jioni, akidai anaifanyia utafiti.

Ikabaki ya mchele. Uji wake ulihitaji kuchujwa kwa kitambaa kikubwa, na kitambaa kikubwa kinahitaji watu wawili. Mama Gundi alinipa ncha moja. Ncha ya pili akampa kijana wa mashine ya kukata karatasi, aliyekuwa ameleta vipande vya majaribio na angeweza kabisa kwenda zake. Tukakamua, yeye kwake, mimi kwangu, mpaka mikono yetu ikakutana katikati ya uji wa mchele wenye joto. Wasomaji wapendwa, mimi siku hiyo nilibandikwa. Yeye pia, ila alichukua miaka mingi kusema. Mama Gundi alikuwa akipita karibu yetu na sufuria na kusema, kwa sauti ya kusikika mpaka stoo, "Gundi yenyewe hukauka kabla ya chakula cha mchana. Huyu baba anasubiri nini?"

Jumamosi tulitundika kitabu ukutani kwa jalada moja tu, uzito wote ukining'inia. Jumatatu tulikikuta pale pale. Msimamizi akakishika, akavuta, akavuta tena mpaka kifungo cha shati kikaruka. Jalada halikutoka. Akarekebisha shati na kusema, "Haya, mama. Rudi kwenye meza yako." Mama Gundi aligeukia jiko akajifanya anakoroga, na sufuria ilikuwa tupu.

Tangu hapo chumba chetu hakina ngano. Mwenye mkate anakula nje, ananawa, ndipo anaingia. Hakuna aliyelazimishwa. Profesa ndiye askari mkali kuliko wote, na amewahi kumrudisha mkurugenzi mlangoni kwa kosa la biskuti. Na mke wa mlinzi wetu wa getini alipoambiwa ana ugonjwa huo huo, akalia kwamba maisha yameisha, Mama Gundi alimkalisha mezani kwake mchana kutwa. Alimwonyesha anachokula, maswali ya kuuliza dukani, na jinsi ya kumjibu shangazi anayesema kidogo tu hakidhuru. Mgeni wake aliondoka anacheka. Siku hizi wanapigiana simu kuliko wachumba.

Lakini nje ya chumba chetu Mama Gundi alikuwa na rafiki mmoja tu wa kuaminika, bakuli lake la bluu lenye kifuniko. Harusini, msibani, kwenye ubatizo na kwenye mahafali, alikwenda nalo, akakaa pembeni, akalifungua magotini. Wenyeji wengine walinuna. Waliuliza chakula chao kina kasoro gani. Alieleza, akaeleza, na siku nyingine alichoka kueleza, akasema ameshiba. Aliwahi kuniambia kwamba tumbo limempa shida nyingi, ila kilichomuuma hasa ni kukaa karamuni kama mtu aliyekuja kusubiri wenzake.

Kwa hiyo nilipochumbiwa nilikuwa na ombi moja, nikalipeleka kwa mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mwokaji wa keki, na mtaa mzima unamtambua kwa harufu ya nyumba yake. Alinisikiliza, akafuta mikono, akaniambia, "Mwanangu, keki bila ngano ni uji uliokauka." Nikajua ndoa yangu imeanza vibaya. Kesho yake mume wangu akanipigia simu akinong'ona: mama ameamka, anasaga mchele.

Ya kwanza ilididimia katikati kama kofia iliyokaliwa. Ya pili ilisambaratika ilipotazamwa. Baba mkwe alizila zote bila kulalamika, na suti ya harusi ikabidi iongezwe kiunoni. Mama mkwe hakukata tamaa. Alinunua chekecheo jipya na sufuria mpya ya kuokea, akauacha mwiko wa mbao kwa sababu mbao haioshiki vizuri, na mchele aliusaga mwenyewe, kwa kuwa mashine ya mtaani husaga ngano pia. Maswali yote aliyauliza kwa Mama Gundi kupitia kwangu, bila Mama Gundi kujua majibu yake yanakwenda wapi.

Siku ya harusi Mama Gundi alifika amependeza, bakuli kwapani. Akaelekea pembeni kama kawaida. Mama mkwe akamfuata na sahani, akamsimulia kila kitu, kuanzia mchele mpaka chekecheo. Mama Gundi, ambaye haoni haya kuuliza, aliuliza kuhusu kisu. Kisu nacho kilikuwa kipya. Nilikuwa nimesimama jukwaani na shela langu, mume wangu ananiambia jambo tamu sana masikioni, na sikumsikia hata neno, nilikuwa namtazama Mama Gundi. Alisukuma bakuli chini ya kiti. Akakata kipande. Akatafuna polepole, kisha akainyoosha sahani na kumwambia mama mkwe, "Ongeza, shoga. Hiki ulichonipa ni cha kuonja, na mimi kuonja nilishastaafu."

Nililia, rangi ya macho yote ikashuka. Kwenye picha yetu kubwa ya harusi, mimi na mpenzi wangu tuko mbele tunang'aa, na nyuma yetu, katikati kabisa ya watu, Mama Gundi yuko na mashavu yamejaa. Ndiyo picha niipendayo.

Bakuli alilisahau pale pale chini ya kiti. Ninalo mimi. Hajaniuliza, na sijamkumbusha.

Mama Gundi, asante kwa vitabu vilivyopata migongo mipya, kwa mafundi uliowalea, kwa mume uliyenichujia. Msimamizi ameshatangaza kwamba sufuria ya chumba hiki itabaki ya mchele, uwepo usiwepo. Ijumaa chakula chote, kuanzia mchuzi mpaka keki, kinapikwa na mama mkwe, na Profesa atakuwa mlangoni akikagua mifuko. Bakuli lako utalikuta mezani kwako, limeoshwa, halina kitu ndani. Panda ua humo, au hifadhi vifungo. Wewe njoo mikono mitupu, ukae katikati.

Ule vizuri, ulale vizuri, na siku zako zote za mbele ziwe njema.