Karanga za Ukungu na Ini la Mume Wangu

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Furaha, Mkongomani wa Kivu Kusini, na leo nasimama hapa kwenye kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale bila kuinamisha kichwa!

Desturi yetu wakulima mnaijua. Karanga nzuri zinaenda soko la Kabingo. Zenye ukungu zinabaki nyumbani, tunaziosha, tunazikaanga, nyingine tunazitwanga tutie kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mume wangu alizipenda mno! Hata shambani alikwenda mfuko umejaa.

Mwaka jana akaanza kukonda. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa. Mamamkwe akaninyooshea kidole mbele ya majirani: "Huyu mwanamuke amelisha mutoto wangu karuho!" Ndugu zangu, karuho ni ile sumu ya kuua polepole, na mwanamke akishasemwa hivyo, amekwisha. Mamamkwe alikataa hata maji ya mkononi mwangu. Yeye na majirani wakataka kumwita mganga amtapishe mgonjwa hiyo karuho. Nikasema hapana! Nikapiga magoti, nikaomba, nikainuka, nikatafuta gari la Mbarara. Mamamkwe naye akapanda, eti anichunge nisimmalize njiani!

Hospitali wakapima damu, wakalipiga ini picha. Daktari akauliza: "Huyu mzee anakula nini kila siku?" Kabla sijafungua kinywa, mamamkwe akajibu mwenyewe: "Karanga zetu tu, zile zenye zinabakiaka."

Daktari akatikisa kichwa. Ukungu ule una sumu, alisema, na moto hauimalizi. Inakwenda kwenye ini, fasi mwili unapotengeneza kolesteroli na kupanga mafuta yake. Kazi hiyo ikivurugika, mafuta yanarundikana, ini linachoka, na miaka ikipita sumu hiyohiyo inaweza kuleta kansa.

"Kansa bado," akasema. "Lakini hizo karanga, mwisho leo."

Bado! Nililia palepale, na mamamkwe akalia, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Leo mume wangu analima tena! Karanga tunazikausha vizuri juu ya turubai, mbovu tunazifukia shimoni. Na Jumapili iliyopita mamamkwe alininyooshea sahani yake: "Niongeze sombe, binti yangu." Nikamjazia mpaka ikamwagika.

Asante Yesu! Na wewe unayesingiziwa, mtumaini Bwana, mpeleke mgonjwa wako hospitali. Yeye aliyejua kilichomo kwenye sufuria yangu anajua na cha kwako.