Theotis Pinkston na Upande wa Pili wa Santuri

Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Arzula, katika Kanisa la Kibaptisti la Kijito cha Kerithi, Tallow Bend, Mississippi, leo Jumamosi tarehe 12 Machi 1994. Wazee wa kanisa waliomba kuuona kabla haujachapishwa. Hawakuonyeshwa. Sasa wanao mikononi kama watu wengine wote, na mwenye miwani aivae.

Marehemu Theotis Pinkston alizaliwa tarehe 26 Aprili 1927 juu ya tuta la mto, Greenville, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Enos na marehemu Pearlie Pinkston. Ulikuwa mwaka wa gharika. Mama yao alijifungulia chini ya turubai, katikati ya nyumbu na kuku wa watu, na mkunga amesimama ndani ya maji. Kambale mmoja, mkubwa kama mlango wa kanisa hili, alipanda hadi pale turubai lilipoishia, akamtazama mtoto, akaona bado hajanenepa, akarudi zake mtoni. Wapo humu ndani wanaoguna kila wakisikia habari za kambale huyo. Hawakuwepo. Arzula alikuwepo, na alikuwa na miaka sita na macho mawili.

Marehemu alipata elimu yake katika shule ya weusi ya hapa Tallow Bend hadi darasa la sita. Msiipite haraka hiyo sentensi. Shule ilifunguliwa pamba ikishachumwa, ikafungwa pamba ikianza kupaliliwa, na mwalimu mmoja alifundisha watoto wote katika chumba ambacho mwenye shamba asingemfungia ndani farasi wake. Kwa hiyo hayo madarasa sita yakikamuliwa vizuri hayajazi kikombe. Alichojifunza Theotis alijifunza kwa masikio.

Mwaka 1936, akiwa na miaka tisa, alitumwa mafuta ya taa kwenye duka la shamba. Ndani ya duka gramafoni ilikuwa inalia. Alikuwa Amos Lovelady, yule aliyekuwa akitelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi za gitaa, akiimba wimbo wa bluzi uitwao "Nyumbu wa Jumatatu". Theotis alisimama barazani akausikia hadi mwisho, ingawa kutoka pale maneno mengine yalimpita. Muuza duka akaigeuza santuri, akaweka sindano, na kabla sauti haijatoka mwenye shamba akaingia na kufoka kwamba hakujenga duka ili watu weusi waje kulia humo. Sindano ikaondolewa. Theotis alirudi nyumbani bila mafuta ya taa, akachapwa, na hata fimbo hakuisikia. Alikuwa anajiuliza kuna nini upande wa pili. Jina lake tu ndilo alilokuja kulijua baadaye, kwa watu: "Mkate wa Jana". Aliutafuta wimbo huo maisha yake yote.

Kikazi, marehemu alilima kwa nusu, yaani nusu ya mavuno ni ya mwenye shamba, pamoja na baba yake hadi 1946, kisha akaajiriwa kwenye kinu cha kuchambulia pamba, alikokaa hadi 1989. Kinu kile kilimla sikio la kushoto kwa kelele, na baadaye kikaanza kula mapafu kwa vumbi. Ndiyo maana alitembea kichwa kimeinama upande, sikio zima likiwa mbele. Wageni walidhani anaringa. Hakuwa anaringa, alikuwa anawasikiliza, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kufanyiwa.

Tarehe 9 Juni 1951 alimwoa Lavada Stringer wa Hollandale. Uchumba wenyewe ulianza vibaya. Theotis alimpelekea zawadi iliyofungwa kwenye gazeti. Lavada akaipapasa.

"Sahani?"

"Sahani."

"Moja tu? Tutakuwa tunakula kwa zamu?" Akaifungua, akaiinua mbele ya mama yake. "Theotis Pinkston, hii ina tundu katikati. Mchuzi utakaa wapi?"

"Hii inaliwa kwa sikio, bibi."

Mama mtu alisema huyu kijana ni mwendawazimu. Lavada akasema ndiyo, lakini ni wa kwangu. Waliishi pamoja hadi Lavada alipofariki mwaka 1986, wakajaliwa watoto wawili, Vernice na Otha.

Na kutokana na maneno hayo ya uchumba ilizaliwa ile salamu ambayo mtaa wote unaijua. Kila Jumamosi kambale wakishakaangwa, watu walikuja barazani kwa Theotis, kila mmoja na santuri yake kwapani, imevalishwa foronya kama mtoto wa ubatizo. Hakuna aliyeulizwa habari za nyumbani. Theotis alikuwa anauliza swali moja.

"Mozell, sikio limekula nini wiki hii?"

Mozell Tate, yule mnayenunua kwake tamale, zile za unga wa mahindi na nyama, pale kituo cha basi, hakuwahi kukosa jibu. "Limekula kitu kigumu. Yule kipofu wa Yazoo aliyerekodi mara moja tu akafa."

"Anayeimba kama ana kaa la moto mdomoni?"

"Heri yeye ana kaa. Wewe ukiimba, ng'ombe wanakata maziwa."

Sheria ya baraza ilikuwa kwamba hakuna kufungua mdomo mpaka sindano iinuliwe. Ikiinuliwa, vita. Watu waligombana kama waliorithi shamba moja: kidole kipi kilipiga uzi upi, nani aliiga kwa nani, ule mguu unaogonga sakafu ni wa mwimbaji au wa mtu mwenye haraka zake. Siku moja walibishana juu ya kikohozi kilicho katikati ya wimbo hadi mvua ikanyesha, ikaacha, na kuku wakaenda kulala. Hizo ndizo dhambi zao. Kambale, mkate wa mahindi, na kikohozi cha mtu aliyekufa zamani.

Lakini mwaka 1958 mdogo wake, Orlester, alifanywa shemasi wa kanisa hili, na kazi yake ya kwanza kubwa ikawa kumtoa kaka yake kwaya.

"Kaka, huwezi kumwimbia Bwana Jumapili kwa mdomo uliokuwa kwenye bluzi za shetani Jumamosi."

"Mdomo ulikuwa umefungwa, Orlester. Ni sikio ndilo lililokuwa huko."

"Basi sikio likae nyuma."

Likakaa nyuma. Tangu siku hiyo hadi alipougua, Theotis Pinkston aliketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, sikio zima likielekea madhabahuni. Alizika watu wenu kutoka benchi lile. Alitengeneza paa hili lilipovuja, na mashemasi wakashika ngazi wakimwambia apige misumari taratibu. Hakuna hata mmoja aliyesimama kusema, "Mrudisheni." Mlikuwa mnasikia, masikio yenu yote mawili ni mazima.

Sasa isemwe habari ya Bertha.

Kanisa hili lina santuri yake takatifu, ya mtu aitwaye Mtumishi Ezra Walls, inayopigwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kabla ya Meza ya Bwana. Shemasi Orlester ameshuhudia mara nyingi hapa mbele kwamba sauti hiyo ndiyo iliyomtoa dhambini mwaka 1949. Katikati ya wimbo, gitaa linapolia peke yake, Mtumishi anasikika akisema, "Waambie, Bertha!" Akina mama wa kanisa walimpenda sana Bertha huyo. Waliamini alikuwa mwinjilisti, mama wa maombi aliyesimama karibu na Mtumishi akiwa amejaa Roho hata hawezi kusema. Wakaanzisha chama, Mabinti wa Bertha, wenye kofia nyeupe, na kila Mei wanamkatia keki. Lavada mwenyewe aliwahi kuwa katibu. Kuna mwaka walifunga na kuomba wajulishwe alikozikwa.

Marehemu alianza kuugua mwaka 1991. Kifua kilibana, usingizi ukawa wa kukaa kitako. Daktari aliandika kwamba ni sigara. Theotis hakuwahi kuvuta sigara hata ya kuokota. Alivuta pamba, msimu baada ya msimu, na waliovaa mashati ya pamba hiyo hawakuja hata kumpa pole. Hilo liandikwe hapa, maana kule hospitali hawakuliandika.

Februari mwaka huu, barafu ile iliyovunja nguzo zote za umeme ilimkuta yuko kitandani na mtungi wa hewa. Jumamosi tarehe 19 bado umeme haujarudi. Baraza likahamia chumbani, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ikawekwa juu ya kiti. Mozell aliingia mwisho, barafu bado kwenye kofia, ameshika foronya kwa mikono miwili.

"Mozell, sikio limekula nini?" Theotis akauliza kwa sauti ndogo.

"Langu halijala kitu. Nimekuletea lako." Alikuwa ameikuta Greenville, katika sanduku la vyombo vya marehemu fulani, imelala kati ya vifuniko vya sufuria. Amos Lovelady. Upande mmoja "Nyumbu wa Jumatatu", upande wa pili "Mkate wa Jana".

Theotis aliikumbatia kifuani. Kisha akasema, "Hii ndiyo mtakayoipiga siku ya kunizika. Sasa anzeni mwanzo. Nataka niingie upande wa pili kwa heshima."

Wakaanza mwanzo. Wimbo ukiwa katikati, Shemasi Orlester aliingia na Biblia yake, amekuja kuomba na mgonjwa. Kwa sheria ya baraza hakuna aliyemsalimia. Akasimama ukutani akisubiri. Na hapo gitaa likabaki peke yake, na Amos Lovelady, mlevi wa Rolling Fork, mwimbaji wa nyumbu na wake za watu, akasema kwa sauti ileile ya Jumapili ya kwanza ya mwezi:

"Waambie, Bertha!"

Sindano ikafika mwisho na kuanza kukwaruza. Mozell ndiye aliyeiinua.

"Shemasi," akasema, "Mtumishi wako anaomba radhi, siku hiyo alikuwa na jina lingine. Na Bertha ni gitaa. Miaka yote hii mnalikatia keki gitaa!"

Theotis alicheka. Alicheka mpaka mpira wa hewa ukamtoka puani, na Arzula akaurudisha, naye akacheka tena ukatoka. Hakuwa anamcheka mtu. Alikuwa amefurahi, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba mbili alizozipenda zina mlango kati yake. Alinyoosha mkono kwa mdogo wake. "Umeona, Orlester? Tulikuwa tunasikiliza mtu mmoja. Wewe na mimi. Njoo ukae."

Orlester hakukaa. Alikwenda kwenye kiti, akaichukua santuri, akaipigiza kwenye chuma cha kitanda. Ikawa vipande.

Kicheko kikaisha. Theotis alitazama vile vipande juu ya blanketi, akauliza jambo moja tu. "Na upande wa pili je, Orlester?"

Shemasi alitoka bila kofia.

Haya yamesemwa mtaani tayari, na kila mtu ameyatia chumvi yake. Lakini kuna jambo ambalo mtaa haujui. Arzula alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, uso kwa uso na Orlester, wakati wimbo ukilia. Midomo ya Orlester ilikuwa inakwenda. Haikuwa inafuata maneno, ilikuwa inayatangulia. Kila neno la Lovelady lilipofika lilikuta midomo ya Shemasi imeshapita. Hapo dada yake akakumbuka majira ya baridi ya 1937, Orlester alipopelekwa kwa shangazi yao Vicksburg, peke yake, akakaa hadi msimu wa pamba. Shangazi alikuwa na gramafoni na santuri chache kiasi kwamba zilipigwa kila siku ya Mungu, pande zote mbili.

Kwa hiyo hata ule wa upande wa pili, Orlester alikuwa nao kichwani. Kaka yake ameuliza Memphis, ameuliza Helena, amewaandama wauza vitu vikuukuu na watu wa treni, huku wimbo wenyewe umekaa benchi la mbele umevaa tai. Kuvunja santuri ni hasira, na hasira humpata kila mtu. Lakini kumwacha ndugu yako abishe mlango maisha yake yote na wewe uko ndani, umekaa, unasikia, jina lake ni lipi? Anayelijua alitaje leo, maana Arzula amelitafuta na hajalipata.

Theotis Pinkston alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 2 Machi 1994, alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita. Hakuusikia.

Ameacha binti, Vernice, wa Chicago; mtoto wa kiume, Otha, wa Detroit; wajukuu watano; dada, Arzula; mdogo wake, Orlester; Mozell Tate na watu wote wa baraza. Benchi la mwisho nalo limebaki na nafasi, akiwepo anayeitaka.

Wazee waliagiza kwamba bluzi isipigwe ndani ya jengo hili, na haitapigwa. Santuri haipo, na makaburini hakuna paa wala shemasi wa zamu. Mfungue ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, chini ya maneno "Kaburini". Imeandikwa: Wimbo, "Mkate wa Jana". Mwimbaji, Shemasi Orlester Pinkston, bila gitaa. Hakuulizwa. Theotis naye hakuulizwa alipotolewa kwaya. Jeneza litashushwa, na hakuna atakayegusa koleo mpaka Orlester afungue mdomo, hata kama tutasimama pale hadi pamba ichanue. Dada yake amevaa viatu vya kusimamia.

Asipumzike bado. Ausikie kwanza upande wa pili, kisha alale kwa amani.