Kadi Niliyoitundika Ukutani

Asante, mwenyekiti. Mama zangu, dada zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, na kabla sijaanza nawaomba jambo moja. Msinipigie makofi. Nikifika mahali pazuri, nyamazeni tu. Makofi yaliwahi kunifanya mjinga, na mkinivumilia mtajua jinsi gani. Mwenye chai anywe, isipoe.

Wengi hapa mtaani Tena mnanijua kama mama wa kusuka vyondo. Nilitoka Ukambani nikiwa nimeolewa karibuni, tukaishi chumba kimoja kule Ziwani, ng'ambo tu ya soko la Kariokor, mimi na mume wangu aliyekuwa dereva wa lori, na baadaye binti yetu. Kutwa nilikaa sokoni kando ya wanaume wanaokata viatu vya tairi, nikisokota uzi wa katani juu ya paja, nikiulowesha kwa mate ili ushikane. Ndivyo mama yangu alivyonifunza. Siku hizi siwezi tena kutia uzi mate. Nalowesha kwa maji ya kikombe, na leo mtajua sababu.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilianza kukohoa. Nikalaumu vumbi la mpira. Kisha likaja jasho la alfajiri, nguo zikanipwaya, na asubuhi moja nikatema damu. Kliniki walinipiga picha ya kifua wakaniambia ni TB. Nikapewa kadi ya karatasi ngumu yenye vijumba vingi, na kila nikidungwa sindano nesi alitia alama kwenye kijumba kimoja. Sindano kila asubuhi, na vidonge juu yake. Aliyewahi kudungwa sindano zile ananielewa. Ilifika siku nikawa natembea kama bata, na kukaa sokoni nakaa upande mmoja.

Baada ya miezi miwili kikohozi kilipungua. Nikaanza kumaliza ugali kwenye sahani. Mtu mwenye akili angesema, asante Mungu, dawa inafanya kazi, niendelee. Mimi sikuwa na akili hiyo.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa injili. Mhubiri simtaji, Mungu anamjua. Kanisa lake lilikuwa la mabati, na nyuma ya madhabahu palikuwa na ukuta wa mbao wenye misumari. Aliyeponywa alileta kitu cha ugonjwa wake akakitundika pale: magongo, miwani, bendeji, kadi za hospitali. Mhubiri alisema, "Ukibaki na kadi, umebaki na ugonjwa." Nikapanda na kadi yangu, nikaisukuma kwenye msumari hadi ikatoboka katikati ya vile vijumba. Nilipofika nyumbani nikatupa vidonge katika choo chetu cha ploti nzima, nikavuta mnyororo huku naimba.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile sikudanganya. Niliamini kwa moyo wote. Uongo ulikuja baadaye, na haukuja na pembe kichwani. Ulikuja na gauni jipya.

Maana mhubiri alinipenda. Jumamosi ananipeleka mtaa wa Jericho, Jumapili Makongeni, wiki nyingine Mbotela. "Dada, simama uwaambie Bwana alivyokutendea." Nasimama, nasema, watu wanalia, wanapiga makofi. Mimi mtu wa kusokota katani, ambaye hata mwenye duka haniitikii salamu, nikashonewa gauni jeupe na akina mama wa kanisa. Nikawa na jina: yule mama wa kadi. Makofi ni matamu, wacha niwaambie ukweli. Ukishayazoea, kimya cha nyumbani kwako kinakuudhi.

Mwezi wa nne, karibu na Pasaka, kikohozi kikarudi.

Siku ya kwanza nilijiambia ni baridi. Siku ya kumi nilikuwa nimeshajua. Na hapa ndipo ninapojichukia, mama zangu, hata leo. Ningerudi kliniki. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Lakini ningerudi na uso gani, na Jumapili nimeahidiwa Jericho? Nikajifunza ufundi. Naweka tangawizi chini ya ulimi. Nakohoa kwaya ikiimba, wakati wa ngoma. Nikanunua kitambaa chekundu, kwa sababu chekundu hakionyeshi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hao hawakunijua mimi. Mimi nilificha kikohozi chenyewe, tena juu ya jukwaa, mbele ya watu mia.

Nyumbani nilikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, wenye kifuniko. Nilitema humo, nafunika, nausukuma chini ya kitanda, na asubuhi naumwaga kabla majirani hawajaamka. Siku za joto ulikuwa na harufu. Niliuchukia ule mkebe kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki, na bado nikauweka chini ya kitanda ambacho mwanangu alikuwa akilalia. Chumba ni kimoja, dirisha nimelifunga ili jirani asinisikie. Mume wangu alikuwa wiki mbili safarini, moja nyumbani. Alipokuwepo nilimwambia ni homa ya mafua. Naye alikuwa mtu wa kuniamini, na hilo nalo linanitia kinyaa hadi leo.

Wakati huo msichana wangu alikuwa na miaka kumi. Akaanza kukonda. Nikampeleka kwa mhubiri, akamwekea mikono, akasema amepona. Nikaitikia amina. Mimi, niliyejua ninachojua, nikaitikia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumatano moja nilitoka sokoni mapema, mvua ilikuwa imetufukuza. Nikasukuma mlango. Mtoto alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, nikadhani anaomba. Alikuwa anakohoa ndani ya ule mkebe. Akatema, akarudisha kifuniko, akakibonyeza pande zote mbili kwa vidole gumba kama ninavyofanya mimi, akausukuma mkebe chini ya kitanda. Kisha akajipangusa mdomo kwa kitambaa changu chekundu. Aliponiona hakushtuka. Alitabasamu. Akasema kwa sauti yangu ya jukwaani, neno kwa neno, "Bwana asifiwe, mama, mimi nimepona kabisa."

Nikatoka nje nikatapika kwenye mtaro.

Sikutapika kwa sababu ya mkebe. Nilitapika kwa kujionea kinyaa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemfunza mtoto kumwambia Mungu uongo, na nimempa ugonjwa wa kufanyia zoezi.

Jirani yangu alikuwa anafua pale kwenye mfereji wa maji. Alikuwa mama mmoja wa kutoka mkoa wa Magharibi, mumewe mfanyakazi wa reli, watu wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma. Sisi tulikuwa tukiwacheka. Akaacha nguo zake akaja kunishika kichwa. Nikamwambia yote, nikiwa nimeinama vile vile. Nilitarajia atarudi nyuma. Hakurudi. Akasema, "Mama, mimi kukohoa kwako nasikia tangu Pasaka. Ukuta ni mwembamba. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikamwambia naogopa nikienda kliniki nitakuwa nimemkana Bwana.

"Wacha hiyo maneno," akasema. "Mungu si askari wa getini, eti ukitoka kwenda hospitali anaandika umetoroka. Visha mtoto sweta, twende."

Tukaenda naye vile vile, mikono yake ina sabuni. Nesi alikuwa yule yule. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaweka kalamu chini. "Kadi yako iko wapi, mama?" Nikamkalisha mtoto kwenye benchi. "Nitakuandikia nyingine, lakini daktari anataka ile ya kwanza, aone ulipewa nini na uliachia wapi. Uliitupa?"

Nikasema, "Hapana. Naijua iliko."

Mtoto akapelekwa hospitali akalazwa siku hiyo hiyo. Pafu moja lilikuwa limejaa maji. Daktari hakuniahidi kitu. Mume wangu aliporudi kutoka safari nilimweleza tukiwa kwenye benchi la wodi, nikingoja anipige kelele. Aligeuza kofia yake mikononi. Halafu akasema, "Mama watoto, yaani watu wa Jericho uliwaambia habari za kifua chako, mimi hukuniambia." Afadhali angenipiga kelele.

Jumapili nikaenda kanisani. Sikuvaa gauni jeupe. Nilifunga mdomo kwa leso nikakaa karibu na mlango, mahali penye upepo. Mhubiri aliponiona akanyoosha mkono. "Ndiye huyo! Dada, njoo utushuhudie!" Makofi yakaanza hata kabla sijainuka, na nikawa nayasikia kama mtu anayesikia wenzake wakitafuna.

Nikapita katikati ya viti, nikampita yeye, nikaenda moja kwa moja ukutani. Kadi ilikuwa imefifia, vumbi juu. Nikaivuta, ikachanika pale kwenye msumari. Nikageuka nikasema, "Hii ni yangu. Sikupona. Nilianza kupona kwa dawa nikaitupa, na nimekuwa nikiwadanganya tangu mwezi wa nne. Mwanangu amelazwa kwa sababu yangu. Kama kuna mtu aliacha dawa kwa kunisikia mimi, arudi kesho asubuhi. Mimi nitakuwa pale kliniki, tutapanga foleni pamoja."

Mhubiri akanisogelea, akanong'ona, bado anatabasamu kwa ajili ya watu. "Dada, unavunja imani ya watoto wa Mungu. Keti, tutazungumza ibada ikiisha." Nikalitazama lile tabasamu, na kwa mara ya kwanza nikaliona lilivyo. Lilikuwa limeshonwa kwa kitambaa kimoja na langu. Ndiyo maana mpaka leo sitaki kumtaja jina. Nikimtema yeye peke yake nitakuwa nimejisafisha bure.

Nilipotoka, akina mama walioniandalia gauni walivuta viti vyao kando. Mmoja, aliyekuwa akinikumbatia kila Jumapili, alijipangusa mikono kwenye rinda, na sikuwa hata nimemgusa. Kinyaa chao nilikiona, na mimi nikawaonea kinyaa. Niseme ukweli, ilinichukua miaka kuomba juu ya hilo, na bado sijamaliza.

Lakini Jumatatu asubuhi kliniki nilikuta watu watatu kutoka kanisa lile. Mzee mmoja alikuwa na magongo yake chini ya kwapa, ameyatoa ukutani. Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Tulisogea tu kwenye benchi.

Kuanzia hapo ni sindano, mama zangu. Safari hii nyingi zaidi, na vidonge mwaka mzima na zaidi, kwa kuwa niliachia katikati. Kila asubuhi jirani yangu alinipigia ukuta mara mbili kwa ngumi: amka. Tunatoka, ananifikisha hadi mlango wa kliniki, na nikishadungwa naenda wodini kwa mtoto. Huko nilimwomba Mungu kwa namna ambayo sikuijua. Zamani nilikuwa namwambia atakalofanya, halafu namtangazia kabla hajalifanya. Sasa nikawa namwambia, "Baba, sina la kushuhudia. Mtoto ni wako. Nipe nguvu za kuvuka barabara kesho." Basi. Kesho navuka, na usiku wa kuamkia keshokutwa naomba barabara ile ile. Hiyo ndiyo imani niliyo nayo, ndogo hivyo. Ile kubwa ya jukwaani iliniponza.

Kuna siku tatu ambazo mtoto hakujua mimi ni nani. Sitazisimulia. Siku ya nne aliomba uji, na nesi akamtania kwamba hapo ni hospitali, si hoteli.

Namshukuru yule jirani, ambaye sasa amerudi kwao, na sijamcheka mtu wa kanzu na ngoma tena. Namshukuru nesi, ambaye hakunisimanga hata siku moja, ingawa alikuwa na haki. Namshukuru mume wangu, aliyepimwa akaonekana mzima, akafungua lile dirisha kwa mikono yake na kung'oa komeo lake ili lisifungike tena. Kadi yangu ya kwanza ninayo hapa kwenye kiondo, na tundu lake la msumari. Ya pili imejaa alama hadi kijumba cha mwisho. Hizi sizitundiki popote.

Walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilibahatika, nilifichuliwa na mtoto kabla ya kilio. Ninyi msingoje. Ukiugua, sema. Ukiombewa, itikia amina, kisha umeze dawa yako kwa maji. Na ukimwona dada anashuhudia kila wiki bila kupumzika, mwulize pembeni, kwa upole, anaendeleaje nyumbani.

Najua mnataka kupiga makofi. Nimewaona mikono. Tafadhali, wekeni vikombe chini mnyamaze kidogo. Binti yangu yuko pale nyuma, karibu na mlango, yule mrefu mwenye sweta ya kijani. Ameketi hapo tangu tuanze, saa nzima, na dirisha liko wazi na upepo unaingia.

Sikilizeni.

Mmemsikia akikohoa hata mara moja? Basi huo ndio ushuhuda wangu.