Nondo Kwenye Koti la Marehemu

Asubuhi ya Julai pale Iyunga, baridi inauma masikio. Kwenye benchi nje ya duka la Murtaza, ambaye kijiweni anaitwa Bei Moja kwa vile hapunguzi hata ukimlilia, Jailos fundi cherehani alikuwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa. Marehemu baba yake aliacha neno kwamba koti lake zito apewe Dastan, mdogo wake Jailos, na Dastan alikuwa njiani anatoka Makongolosi kulifuata. Sasa koti lilikuwa limepata mwenyewe mwingine.

— Nondo, — Jailos alisema. — Katua kifuani pa koti tangu jana, hatoki.

— Nondo ya milimita ngapi? — aliuliza Sosthenes, saidia fundi wa ujenzi waliyempachika jina la Injinia.

— Mdudu, bwana! Kipepeo wa usiku. Mnene, ana manyoya kama paka.

— Baridi hii? — alisema Injinia. — Wadudu wenzake wote wamejificha. Huyo si wa kawaida.

— Mpige kandambili, — alisema Bei Moja. — Atakutafunia koti liwe neti.

— Ampige? — Injinia alidakia. — Na kama ni mzee mwenyewe kaja?

Hicho ndicho Jailos alichokuwa akikiogopa tangu jana, na sasa kimetajwa hadharani.

— Mzee hakuwa na mabawa, — alisema Bei Moja.

— Angeyapata wapi akiwa hai? Mi naona hajaridhika. Anataka koti libaki kwa Jailos.

— Au anasikia baridi huko aliko, — alisema Bei Moja, — kalifuata.

— Kumbe na huko kuna Julai!

— Tena hayo manyoya, — Bei Moja alinogewa, — ni koti jipya kapewa. Kaja kuringa!

Wakacheka. Jailos naye akacheka, kidogo.

— Shikamoo, kaka.

Alikuwa Dastan, kashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, meno yanagongana. Wakamsimulia yote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Dastan alisikiliza, mikono kaifumbata kwapani.

— Sawa, — alisema. — Sasa mimi leo navaa nini?

Bei Moja alichungulia kikombe chake. Injinia akakohoa.

Jailos akasimama. Akavua jaketi lake, akamvisha mdogo wake, akamfunga zipu mpaka kidevuni, kama alivyokuwa akimfunga utotoni.

— Twende nyumbani, — alisema. — Ukamsalimie.