Ndugu Yotham Manyanda Anaiaga Bohari ya Dawa za Mimea Mpanda

Tarehe 30 Juni 1978 Ndugu Yotham Manyanda anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Kinga Mazao kwa miaka ishirini na miwili. Nimeombwa mimi, Anselmo, niandike maneno haya kwa sababu mimi na yeye tuliajiriwa wiki moja. Basi na iandikwe pia kwamba nimemwonea wivu karibu muda wote huo, na sioni kwa nini niache leo.

Tulipoanza, Kinga Mazao haikuwa na kiwanda hapa. Lilikuwa duka la mabati karibu na stesheni, likiuza dawa za tumbaku zilizofika kwa treni kutoka Tabora. Baada ya Azimio la Arusha kampuni ikawa shirika la umma, na mwaka 1971 tukafungiwa mashine yetu wenyewe ya kuchanganya dawa ya unga, ile ya viwavi wa mahindi. Mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akauliza nani ataiwasha, na wafanyakazi wote wakapaza sauti, "Yotham!" Akaiwasha kwa madaha. Ikakohoa, ikammwagia kichwani chokaa ya kuchanganyia, bahati nzuri dawa ilikuwa haijatiwa. Mgeni rasmi alicheka mpaka akashika mbavu. Picha ya siku ile iko ukutani ofisini. Mimi naonekana kiwiko tu.

Kazi yake ilikuwa kuuza dawa na kuwaelekeza wakulima. Akienda kijiji cha Mamba, alirudi na mchele mpya, kuku, na salamu za kijiji kizima. Nikaenda mimi na baiskeli ileile, dawa ileile, bei ileile. Nilipewa maji ya kunywa.

Lakini sifa yake hasa ilianzia Mwese, kijiji cha milimani, msimu wa mvua wa 1974. Dawa yetu ilikuwa kwenye makopo ya bati yenye mfuniko unaobana, na akina mama waliyapenda sana kwa kuhifadhia vyakula. Mama mmoja, Theopista, aliosha kopo akatia unga wa uji. Binti yake mdogo, Nyanzala, alipokunywa uji ule akaanza kutapika na kutetemeka mwili mzima. Yotham alikuwa kijijini siku hiyo akiuza dawa. Barabara ilikuwa imekatika, gari hakuna. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, wakashuka milima kwa miguu, yeye na mama wakipokezana kumbeba, mpaka zahanati ya misheni. Nyanzala alipona.

Yotham alirudi Mpanda akiwa na matope hadi kiunoni na akaenda moja kwa moja kwa meneja wa kanda, aliyekuwa ametutembelea. Alitaka makopo yaachwe, dawa itiwe kwenye mifuko ya karatasi nene. Meneja akasema wateja wanalipenda kopo. Likiondoka, nao wataondoka.

"Mkuu, mimi sipakii kopo tena," Yotham akasema. "Yule mama nitamtazama vipi? Kama ni kunifukuza, nifukuze."

Akaambiwa aende nyumbani. Alikaa kwake Ilembo bila mshahara, akilima na mkewe Cecilia, na mimi nikakaimu kazi yake. Habari zilikuwa zimeshashuka kutoka Mwese. Wakulima wakaja bohari, wakayatazama makopo, wakauliza Yotham amesemaje, wakaondoka mikono mitupu. Mwisho meneja akakubali mifuko. Makopo ya zamani yakakusanywa vijijini, yakatobolewa na kufukiwa. Yotham akarudishwa, tena kama mkuu wa bohari, cheo nilichokuwa nimekiomba mimi.

Naomba ijulikane kwamba wazo la mifuko nililitoa mimi kikaoni, mwaka mmoja kabla, kwa sababu karatasi ni rahisi kuliko bati. Meneja alikataa, nikaketi. Yeye alipokataliwa hakuketi. Hiyo ndiyo tofauti, na imeniuma kuliko cheo. Theopista alipojifungua tena, mtoto aliitwa Yotham. Mimi hata mbwa hajapewa jina langu.

Wiki iliyopita nilikabidhiwa funguo za bohari. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Katarina kutoka Mamba. Akachungulia nyuma yangu.

"Yotham yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba mkuu sasa ni mimi, nimsaidie nini.

"Hapana, baba. Ngoja nimfuate Ilembo, aniambie cha kununua, halafu nitarudi nikinunue kwako."

Ndugu Yotham, wafanyakazi wote wa bohari tunakushukuru. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, viwavi wapite mbali na shamba lako, nawe na Cecilia mle jasho lenu kwa afya na amani. Mama Katarina akifika hapo, mpe kiti, mweleze dawa anayoitaka. Halafu, tafadhali, mwambie kwamba Anselmo naye ni mtu mzuri.